Seli shina kwa kano na mfupa unaoshikilia jino: je, tiba hii imemfikia mgonjwa?

Mwulizaji

Salaam kwenu nyote, na hasa kwa wale wanaoshughulika na meno na fizi kitaaluma.

Nina umri wa miaka 46. Kwa miaka kadhaa nilikuwa nikiona damu kidogo kila ninapopiga mswaki, nikadhani sababu ni ugumu wa mswaki tu, hadi mwaka huu nilipohisi gego moja la chini, upande wa kushoto, likicheza ninapotafuna. Daktari wa meno alipima kwa kijiti chake chenye alama na kukuta kwamba nafasi iliyopo kati ya ufizi na jino hilo imezama milimita 7 upande mmoja, ilhali mahali penye afya haizidi 3. Picha ya eksirei ilionyesha kwamba mfupa umeliwa kwa umbo la kabari kando ya mzizi. Aliniambia kuwa huu ni ugonjwa wa fizi uliokwisha kufika kwenye mfupa, yaani periodontitisi, na kwamba kazi ya kwanza ni kusafisha chini ya ufizi kabla ya kufikiria jambo lingine lolote.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma, na kadiri ninavyosoma ndivyo ninavyozidi kuchanganyikiwa. Nimeona tangazo linalodai kwamba sindano ya seli shina, yaani seli changa zinazoweza kugeuka kuwa tishu mbalimbali, ikidungwa kwenye ufizi huotesha upya mfupa na kano inayoshikilia jino, bila upasuaji, kwa ziara moja tu. Nimesoma pia kwamba huko Japani wameanza kuotesha meno mapya. Naomba kueleweshwa: je, seli hizi zinaweza kweli kurudisha kilichopotea kando ya gego langu, na je, tiba hiyo ipo tayari au bado inachunguzwa?

Lipo jambo la pili. Nina gego la mwisho la juu ambalo limeota kwa kulala, na daktari ameshauri ling'olewe. Rafiki yangu ananisihi nisikubali litupwe, kwa kuwa ndani yake mna seli shina ambazo nitazihitaji baadaye. Sijui kama ushauri huo una msingi.

Daktari wa fizi

Dada, pole kwa maradhi, na ahsante kwa kueleza hali yako kwa vipimo, kwa maana vipimo hivyo vinaniwezesha kukujibu wewe badala ya kusema mambo ya jumla. Mimi ni daktari wa meno niliyebobea katika magonjwa ya fizi, nami nitaanza na lile ambalo matangazo huliruka, yaani ni kitu gani hasa kilichopotea kando ya gego lako.

Jino halikupigiliwa kwenye taya kama msumari kwenye ubao. Limetundikwa. Mzizi wake umefunikwa na tabaka jembamba la sementamu, yaani tishu ngumu inayofanana na mfupa, taya ina tundu la mfupa linaloupokea mzizi huo, na katikati yao ipo kano ambayo unene wake ni kati ya milimita 0.15 na 0.38. Nyuzi za kolajeni za kano hiyo zimezama ncha moja ndani ya sementamu na ncha nyingine ndani ya mfupa, kiasi kwamba unapouma kitu kigumu jino hudidimia kidogo na kurudi, na neva zilizomo humo hukujulisha papo hapo hata ukiuma chembe moja ya mchanga. Juu ya hayo yote hukaa ufizi. Vitu hivi vinne hushirikiana kulishikilia jino, na periodontitisi huviharibu vyote. Bakteria walio katika ukoga uliojificha chini ya ufizi, miongoni mwao Porphyromonas gingivalis, huamsha kinga ya mwili, na kinga hiyo isipofaulu kuwaondoa huendelea kupambana miezi na miaka, hadi ikaubomoa mfupa na kuikata kano ya mwenyewe. Sigara na kisukari kisichodhibitiwa huharakisha ubomoaji huo. Wala hauko peke yako: Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2022 kuhusu afya ya kinywa, lilikadiria kwamba watu zaidi ya bilioni 1 wana ugonjwa huu katika hali yake kali.

Mzizi ukisafishwa barabara, damu huacha kutoka, ufizi hukaza, na kina cha mfuko hupungua. Hapo tunasema mgonjwa amepona, na ni kweli, lakini kupona huko hakumaanishi kwamba kilichobomoka kimejengwa upya. Mwaka 1976 mtafiti Melcher alieleza sababu yake kwa hoja ambayo mpaka leo ndiyo msingi wa kazi yetu: seli zitakazotangulia kuufikia mzizi uliosafishwa ndizo zitakazoamua kitakachoota hapo. Seli za tabaka la juu la ufizi zina kasi kuliko zote. Zikitangulia, huteremka kando ya mzizi na kuufunika kwa utando mrefu ulioshikamana nao juu juu tu, pasipo nyuzi zilizozama. Seli za mfupa zikitangulia, mfupa unaweza kugandana na mzizi moja kwa moja, na baadaye mzizi wenyewe ukaanza kuliwa. Ni seli zinazotoka kwenye kano iliyosalia ndizo zinazoweza kujenga sementamu, kano na mfupa kwa mpangilio unaotakiwa, nazo ni chache na mwendo wake ni wa polepole.

Mwaka 1982 Nyman na wenzake nchini Uswidi waliijaribu hoja hiyo kwa binadamu. Walichukua jino la mbele la chini lililokuwa na ugonjwa mkubwa, wakausafisha mzizi, wakaweka kizuizi chembamba kati ya ufizi na mzizi ili seli za ufizi zisitangulie, wakasubiri miezi mitatu, kisha wakaling'oa jino pamoja na nyama na mfupa wa jirani wakavichunguza kwa hadubini. Sementamu mpya ilikuwa imeota, na nyuzi mpya zilikuwa zimezama ndani yake. Kila ninapowasimulia wanafunzi habari hii huwaomba watue hapo, kwa sababu ilikuwa mara ya kwanza kuonekana wazi kwamba mwili wa mtu mzima bado unaikumbuka kazi hii, ukilindiwa nafasi ya kuifanya.

Kutokana na ugunduzi huo tuna njia zilizokwisha kuingia katika matibabu ya kawaida. Upo utando wa kuzuia seli za ufizi. Zipo protini za enameli zinazotolewa kwenye meno machanga ya nguruwe, ambazo hupakwa juu ya mzizi wakati wa upasuaji (mgonjwa aelezwe chanzo chake mapema, kwani wapo ambao hawataridhia). Vipo pia vichocheo vya ukuaji: kimoja, kiitwacho PDGF, kiliidhinishwa Marekani mwaka 2005, na kingine, FGF-2, kiliidhinishwa Japani mwaka 2016 mahususi kwa ugonjwa huu. Njia zote hizo hutegemea umbo la shimo la mfupa. Shimo jembamba lenye kuta za mfupa pande mbili au tatu hujazika vizuri, kwa kuwa kuta hizo hulinda donge la damu na kutoa seli. Mfupa ulioshuka sawasawa kwa ulalo kuzunguka meno yote haujapatiwa njia ya kutegemewa ya kuupandisha. Umbo la kabari ulilolitaja, Dada, liko katika kundi la kwanza, na kwako hiyo ni habari njema kuliko tangazo ulilolisoma.

Kuhusu tangazo lenyewe nitasema bila kuzungusha maneno. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani haijaidhinisha tiba yoyote ya seli shina kwa periodontitisi. Tena, sindano inayodungwa kwenye ufizi hupeleka seli mahali pasipohusika, kwa sababu kilichopotea kiko kwenye uso wa mzizi, ndani ya mfuko uliojaa bakteria, na hakuna seli itakayojenga sementamu juu ya ukoga uliogeuka jiwe. Anayeahidi ziara moja bila kuusafisha mzizi haujui ugonjwa huu, au anaujua na anakuficha.

Ile habari ya meno mapya ya Japani ni jambo jingine kabisa. Dawa hiyo ni kingamwili inayozuia protini iitwayo USAG-1, majaribio yake kwa binadamu yalianza Kyoto mwaka 2024, na wanaolengwa hasa ni watu waliozaliwa bila baadhi ya meno. Si seli shina, wala haihusiani na mfupa uliopotea kando ya jino ambalo bado lipo. Upande wa seli zenyewe namwachia anayezikuza kwa mikono yake.

Mtafiti wa maabara

Ahsante, Daktari. Nimekuwa nikikuza seli za kano ya jino kwa miaka mingi, nami ningependa mwulizaji azione kama zilivyo, bila kutukuzwa na bila kudharauliwa.

Ndani ya jino na kando yake mna seli ambazo bado hazijachagua kazi moja, na ambazo zikipata mazingira yanayofaa zinaweza kugawanyika na kuwa wajenzi wa tishu mbalimbali. Mwaka 2000 Gronthos na wenzake walizitambua katika kiini laini cha jino la mtu mzima. Mwaka 2003 zikapatikana katika meno ya utotoni yanayong'oka yenyewe. Na mwaka 2004 Seo na wenzake walizipata pale panapotuhusu, ndani ya kano ya magego ya mwisho 25 yaliyong'olewa. Walipozipandikiza kwa panya ambao kinga yao ilikuwa imedhoofishwa, ziliota tabaka linalofanana na sementamu, na nyuzi za kolajeni zikajipanga na kuzama ndani yake kama zinavyofanya katika kinywa. Seli za uboho hujenga mfupa. Hizi zilijenga kile kiungo kati ya mfupa na mzizi. Kwa anayeikumbuka hoja ya Melcher, ilikuwa kana kwamba wale wakimbiaji wachache na wa polepole wamepatikana, na sasa wanaweza kuongezwa idadi nje ya mwili na kurudishwa kwa wingi.

Kuzirudisha ndiko kuliko na kazi. Seli zilizoota kwenye sahani hushikamana na sahani hiyo, na kwa kawaida huachanishwa kwa kimeng'enya ambacho hukata pia protini zinazoziunganisha zenyewe kwa zenyewe. Zikidungwa zikiwa moja moja, nyingi husombwa na damu au kufa. Huko Tokyo, Okano na wenzake walitengeneza sahani iliyopakwa kemikali inayobadilika kwa joto: kwenye nyuzijoto 37 za Selsiasi seli hushikamana nayo na kuota, na joto likishuka chini ya 32 uso wa sahani hunyonya maji, na seli zote huachia kwa pamoja kama karatasi nyororo, zikiwa zimebeba nyuzi na protini zilizojitengenezea. Karatasi hiyo hulazwa juu ya mzizi kama bandeji. Nimeiona ikiachia mara nyingi, na bado siwezi kuitazama kwa mazoea.

Mwaka 2018 Iwata na wenzake walichapisha matokeo ya wagonjwa 10 waliotibiwa kwa njia hiyo. Kila mmoja alitoa jino lisilohitajika, seli za kano yake zikakuzwa, karatasi tatu zikapangwa moja juu ya nyingine zikalazwa kwenye mzizi uliosafishwa, na shimo la mfupa likajazwa chembechembe za kalisi fosfeti. Baada ya miezi sita kina cha mifuko kilikuwa kimepungua kwa wastani wa takriban milimita 3, mfupa ulikuwa umepanda kwa zaidi ya milimita 2 katika picha, na hapakuwa na madhara makubwa yaliyotokana na seli. Haya ni matokeo mazuri. Lakini jaribio hilo halikuwa na kundi la kulinganishia, na anayefahamu fizi atauliza upesi: je, wagonjwa haohao wangepata nini kwa upasuaji na chembechembe peke yake?

Swali hilo lilikuwa limekwisha kuulizwa nchini China. Mwaka 2016 Chen na wenzake walichapisha jaribio ambamo wagonjwa 30 waligawanywa kwa bahati nasibu: wote walijaziwa chembechembe za mfupa wa ng'ombe uliosafishwa, na kundi moja likaongezewa karatasi za seli zao wenyewe. Mfupa ulipanda kwa makundi yote mawili, na tofauti kati yao haikufikia kiwango cha kusema kwamba seli ndizo zilizoleta faida. Wapo watafiti wengine, hasa waliotumia seli za kiini laini cha jino, waliopata matokeo bora kuliko kundi la kulinganishia. Kwa hiyo jibu la uaminifu ni kwamba seli hizi zimeonekana kuwa salama katika majaribio madogo yaliyosimamiwa vizuri, na kwamba ubora wake juu ya njia alizozitaja Daktari haujathibitishwa.

Kwa nini kinachofaulu kwa panya kisionekane wazi kwa binadamu? Mimi naona sababu kadhaa, na iliyo kubwa ni kipimo. Picha ya eksirei huonyesha madini. Haiwezi kukuambia kama kati ya madini hayo na mzizi pana nyuzi zilizozama, au pana utando mrefu wa ufizi, au chembechembe zilizowekwa zimekaa tu pale bila kuungana na chochote. Uthibitisho ni kukata kipande na kukitazama kwa hadubini, kama walivyofanya wale wa Uswidi, na hakuna mwenye dhamiri atakayeling'oa jino lililopona ili aridhishe udadisi wake. Sababu nyingine ni kwamba seli nyingi zilizopandikizwa hazikai muda mrefu. Siku hizi wengi wetu tunaamini kwamba sehemu kubwa ya kazi yake hufanywa na protini na vifuko vidogo zinavyovitoa, vinavyotuliza kinga ya mwili na kuziita seli za mwenyeji. Caplan, ambaye mwaka 1991 alizipa seli za jamii hii jina lao la kisayansi (kwa Kiingereza, mesenchymal stem cells), aliandika mwaka 2017 akiomba neno la seli shina liondolewe katika jina hilo, kwa kuwa aliona linawapotosha wagonjwa.

Mahali pamoja nitatofautiana kidogo na Daktari, kwa heshima. Amesema shimo la kabari ndilo linalojazika vizuri, na ni kweli, lakini kwa sababu hiyohiyo naona tumekuwa tukizijaribu seli mahali ambapo hazina nafasi ya kuonyesha thamani yake. Pale ambapo utando na chembechembe hufaulu, seli zitaongeza nini? Zingejaribiwa kwenye mfupa ulioshuka kwa ulalo, na kwenye njia panda ya mizizi ya magego iliyotoboka upande hadi upande, ambako leo hatuna la kutegemea. Hapo hata faida ndogo ingeonekana. Najua kwamba majaribio ya namna hiyo ni magumu na mengi yataanguka, ila ndiyo yatakayotupa jibu.

Daktari wa fizi

Mtafiti, hoja yako naikubali kwa upande wa sayansi. Hofu yangu ni ya kitandani kwa mgonjwa: mfupa ulioshuka kwa ulalo hauna kuta, karatasi ya seli haina pa kuegemea, na ufizi unaoifunika hukaa kwa mvuto wa mishono peke yake. Bila kiunzi kinachosimama chenyewe na kutunza nafasi, seli bora kuliko zote zitafunikwa na ufizi ule ule wenye kasi. Kiunzi kitangulie, au angalau viende pamoja.

Aliyetibiwa kwa utando

Mimi si mtaalamu. Miaka minne iliyopita nilikuwa na mfuko wa milimita 8 kwenye gego la chini, nikafanyiwa upasuaji wa kuwekewa utando pamoja na chembechembe za mfupa, na sasa hapo panapimwa milimita 4 bila damu. Ninachotaka kumwambia Dada ni kuhusu muda uliotangulia upasuaji. Daktari wangu alikataa kunipasua kwa karibu miezi mitano. Alinisafisha, akanifundisha kupitisha kibrashi kidogo kati ya meno, akapima, akakuta damu bado inatoka, akanirudisha nyumbani. Nilikasirika, kwa kuwa niliona ananichelewesha jino likiwa linacheza. Aliniambia pia kwamba nisipoacha sigara hatafanya kazi hiyo, kwani jeraha la mvutaji halijazi mfupa vizuri. Niliacha. Kufikia siku ya upasuaji jino lilikuwa limekwisha kukaza kwa kiasi nilichokihisi mwenyewe, kabla ya kuwekewa kitu chochote.

Mwulizaji

Daktari, shikamoo, na ahsanteni nyote. Sikutarajia kupata majibu yenye uzito huu. Sasa naelewa kwamba nilikuwa nikiuliza kuhusu mfupa wakati jambo lenyewe ni kano.

Nimebakiwa na mawili. La kwanza ni lile gego la mwisho: je, nilihifadhi? La pili, nikikutana na mahali wanaposema kwamba wanafanya utafiti wa seli hizi na wanahitaji wagonjwa, nitajuaje kwamba ni utafiti wa kweli na si lile tangazo likiwa limevaa nguo nyingine?

Mtafiti wa maabara

Kuhusu gego, rafiki yako yuko sahihi kwamba seli zimo, katika kano na katika kiini chake. Lakini haziwezi kungoja. Jino likikauka seli hufa, na barafu ya nyumbani huzipasua; ili zihifadhiwe ni lazima jino litiwe mara moja ndani ya kimiminika maalumu, lifikishwe maabara mapema, seli zitolewe na kupimwa kama hazina vijidudu, kisha zigandishwe katika naitrojeni kimiminika, kwenye nyuzijoto 196 chini ya sifuri. Wapo wanaotoza malipo kila mwaka kwa huduma hiyo. Mimi mwenyewe, nikiwa na gego kama lako, nisingelihifadhi. Hakuna tiba iliyoidhinishwa ambayo seli hizo zingeingia, na hakuna anayeweza kukuhakikishia kwamba seli zilizogandishwa kwa utaratibu wa leo zitakubaliwa na tiba itakayoidhinishwa kesho. Zaidi ya hayo, watafiti kadhaa wanajaribu seli za wafadhili, zinazotayarishwa kwa wingi na kukaguliwa kabla ya kutumiwa, kwa kuwa kumkuzia kila mgonjwa seli zake peke yake huchukua wiki nyingi na kundi la mtu mmoja hutofautiana na la mwingine. Njia hiyo ikifaulu, gego lako halitahitajika. Wala usiahirishe kuling'oa kwa ajili ya seli, kwa sababu jino lililolala hukusanya ukoga na kulidhuru jirani yake.

Kuhusu utafiti, tazama kwanza anayelipa. Katika majaribio ya kweli ya namna hii, kwa kawaida mgonjwa hauziwi seli anazochunguzwa nazo. Omba namba ya usajili wa jaribio katika orodha ya umma, kisha uitafute mwenyewe usome kama lengo, idadi ya wagonjwa na kipimo vinalingana na unayoambiwa. Omba cheti cha kamati ya maadili. Uliza kama lipo kundi la kulinganishia na kama unaweza kujikuta ndani yake. Mtafiti wa kweli atakujibu kwamba ndiyo, unaweza, na hataona aibu. Uliza seli zimetoka wapi, zimekuzwa kwa muda gani, na nani amezipima kabla hazijaingia mwilini mwako. Wanaotoa mafuta tumboni, wakayazungusha katika mashine na kuyadunga siku hiyohiyo, hawana seli walizozitambua, wana mchanganyiko. Vigezo vya chini kabisa vya kuzitambua seli hizi vilikubaliwa kimataifa tangu mwaka 2006: zishikamane na sahani, zibebe alama CD73, CD90 na CD105, zisibebe alama za seli za damu, na ziweze kugeuka kuwa seli za mfupa, za gegedu na za mafuta.

Nasisitiza hili kwa sababu madhara yapo. Mwaka 2017 madaktari wa Marekani waliripoti habari za wanawake watatu waliodungwa machoni seli zilizotolewa kwenye mafuta yao wenyewe, katika kliniki moja ya Florida, wakalipia, na wote watatu wakapoteza uwezo wa kuona, kabisa au kwa kiasi kikubwa. Baadhi yao waliamini kwamba wanashiriki katika utafiti.

Daktari wa fizi

Marahaba, Dada. Kwako sasa hatua iko wazi. Kubali kusafishwa chini ya ufizi, mzizi kwa mzizi, kwa ganzi ikihitajika. Kama hujapimwa sukari ya damu karibuni, pima. Baada ya miezi mitatu hivi mfuko upimwe tena mahali palepale na kwa kijiti cha aina ileile. Ukipungua hadi milimita 4 bila damu, gego hilo linahitaji uangalizi tu. Ukibaki milimita 6 au zaidi, na picha ikaonyesha kwamba kabari ya mfupa ina kina cha milimita 3 au kuzidi, mwombe daktari wako akupeleke kwa mtaalamu wa fizi kwa upasuaji wa kujenga upya kwa utando au protini za enameli, kwani mwongozo wa Ulaya wa mwaka 2020 unaupendekeza kwa hali kama hiyo. Ichukue picha yako ya kwanza ya eksirei uitunze pamoja na vipimo vya kila jino, maana bila hivyo hakuna atakayeweza kulinganisha mfupa wa sasa na wa mwaka ujao.